Mgongo wa Farasi Hauoti Sugu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikiwa bado mke mgeni katika boma la wakwe zangu kule Kenyamonta. Mume wangu Mwita alikuwa akimfunga farasi tandiko. Alipovuta mkanda wa tumboni, farasi akalaza masikio nyuma, akageuza shingo na kung'ata hewa. Mwita akacheka, akasema leo huyu kaamka na hasira zake. Mimi sikucheka. Ufagio ulinidondoka, na hofu iliyonishika pale ilikaa nami masika yote.

Ilikuwa miaka ya dhahabu. Vijana waliacha jembe na ng'ombe, wakavuka Mto Mara kwenda kwenye mashimo ya upande wa pili. Wengine walirudi na redio begani, wengine hawakurudi, na kaka mkubwa wa Mwita ni mmoja wa wale waliofunikwa na shimo. Ndiyo maana baba mkwe wangu, mzee Magabe, alikataa katakata mtoto wake mwingine kuingia chini ya ardhi. Alinunua farasi upande wa Kenya, kwenye shamba lililokuwa linafungwa, ili Mwita awapelekee wachimbaji unga na betri za tochi. Baiskeli zilikwama kwenye tope jeusi, farasi alipita. Alikuwa mnyama mkubwa, mwenye mgongo mpana hata tukamwita Kitanda. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na pale nyumbani wengi hawakujua huyu Kitanda wetu alikuwa akiona nini chini ya tandiko lile.

Tandiko lenyewe lilikuwa la ngozi, zuri, linang'aa, ila lilishonwa kwa ajili ya farasi mwembamba. Lilimbana mabega huku na huku kama koleo. Mimi nilijua mambo haya kidogo, maana marehemu baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi wa mzungu mmoja ng'ambo ya Sirari. Utotoni nilimwona akipitisha kiganja chini ya tandiko kabla ya kumruhusu mtu apande. Kiganja kisipopita, hapandi mtu. Kwa Kitanda hata kidole hakikupita. Akivuliwa tandiko, mwili wote umelowa jasho isipokuwa mabaka mawili makavu nyuma ya mabega, pale damu ilipokuwa inazuiwa kupita.

Sasa ningemwambia nani? Mzee Magabe alikuwa bingwa wa kufundisha ng'ombe wa kulimia, na watu walitoka mbali kumletea maksai wao. Alichokijua yeye ni nira. Nira mpya humchubua ng'ombe shingoni, akalialia, ukaenda naye pole pole, kisha pale pale panaota sugu na hasikii tena. Nilimnong'oneza Mwita, lakini alipojaribu kumwambia baba yake kwamba farasi anabanwa, alijibiwa kuwa atazoea, na akaulizwa kama amewahi kuona ng'ombe aliyekufa kwa ajili ya nira, naye akaamini. Nami mkamwana, kwa desturi yetu siku zile, simtazami baba mkwe usoni wala simsemeshi. Nikimwona njiani, naingia kwenye majani mpaka apite. Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu, na mimi niliyaona mawingu nikaendelea kuanika mtama.

Siku hiyo ufagio uliponidondoka, mto ulikuwa umepanda. Mwita alirudi jioni kwa miguu, amelowa, anamvuta Kitanda kwa kamba. Alikunywa uji kwanza, ndipo akaeleza. Katikati ya kivuko farasi alikanyaga jiwe akayumba, tandiko likamfinya mabegani, akaruka na kumtupa majini. Alipokuwa akiingia mtoni, kwenye mchanga wa ng'ambo walikuwa wamelala mamba wawili. Mwita alipotoa kichwa majini akaona mchangani amebaki mmoja. Watu waliokuwa ukingoni wakapiga kelele na kurusha mawe, naye akashika mkia wa farasi akaburutwa mpaka nchi kavu.

Mzee Magabe alisikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nikamsikia akimuuliza mara mbili kama hajaumia. Aliogopa na yeye, tena sana, lakini mtu akiogopa hushika kile anachokijua.

"Mura," akamwambia mwanawe, yaani kijana, "mto ukipungua utavuka tena. Mkanda uukaze zaidi. Akizoea atatulia."

Nikakimbilia jikoni nikalia. Mama mkwe wangu akanifuata, akataka kujua, nami nikamweleza yote, habari za kiganja na yale mabaka makavu. Nilidhani atanipa pole. Badala yake akaniuliza:

"Umeyajua haya tangu lini?"

"Tangu nilipoolewa, mama."

"Ukanyamaza kwa heshima. Mimi nimeshazika mtoto mmoja, Ghati. Heshima gani hiyo inayomwogopa mkwe kuliko mamba?"

Nimewahi kutukanwa na nimewahi kuchapwa, lakini hakuna kilichowahi kuniuma kama maneno yale. Sikulala vizuri.

Kulipokucha nikaenda zizini, nikasikia kikohozi cha mzee kinakuja. Miguu ilitaka kunikimbiza. Nikamgeuzia mgongo, nikajifunika kitenge kichwani, nikaanza kuzungumza na farasi kwa sauti ya kusikika.

"Kitanda, mwambie mwenye boma kwamba shingo ya ng'ombe huota sugu, lakini mgongo wako hauoti. Unaoza. Mwambie aweke mkono aone mwenyewe."

Nilisubiri fimbo. Sikujua kama jioni ile ningekuwa bado na ndoa. Halafu nikasikia hatua, nikaona kwa pembe ya jicho kiganja kikipita juu ya manyoya, taratibu, kiganja cha mtu aliyeshika wanyama maisha yake yote. Kilipofika kwenye baka kikabonyeza. Kitanda alididimiza mgongo wote, na usaha ukachuruzika kutoka kwenye ngozi tuliyoiona nzima. Mzee akajifuta mkono kwenye koti.

"Kitanda," akasema, "muulize binti wa saisi tufanyeje."

Farasi akapumzishwa mpaka kidonda kikafunga. Kisha nikachukua waya mnene, nikaukunja juu ya mabega yake mpaka ukashika umbo lake, nikaufunga kwenye kanga, tukaenda Sirari, mzee mbele, mimi na mama mkwe nyuma. Kwa muuza mitumba ya mashambani mzee akaanza kupapasa tandiko jingine la ngozi. Muuzaji akavuta lililokuwa chini ya rundo, jeusi, la plastiki na kitambaa kigumu, baya kama kandambili kuukuu. Akasema hilo haliogopi mvua, na hapo mbele unafungua skrubu ukabadilisha chuma kinachokaa juu ya mabega: farasi mwembamba chuma chembamba, farasi mpana chuma kipana. Nikaulinganisha waya wangu na vyuma vile, kimoja baada ya kingine. Kilichokaa sawasawa ni kile kipana kuliko vyote. Mzee akaitazama ile ngozi kwa mara ya mwisho, akachukua lile baya.

Usidhani hofu iliniisha. Mwita aliporudi mtoni nilimfuata mpaka kivukoni. Nikapitisha kiganja chini ya tandiko, kikapita, na bado nikakipitisha mara ya pili. Maji yalimfika Kitanda magotini. Pale pale penye mawe akayumba. Masikio yake yalibaki mbele. Akajiweka sawa akaendelea kutembea. Nilikaa kwenye matope mpaka wakafika ng'ambo.

Tangu hapo, kila kiangazi Kitanda alipokonda na kila masika aliponenepa, mzee alikuja zizini na bisibisi, akasimama kando, akauliza, "Kitanda, binti wa saisi anasemaje?" Nami nikamjibu farasi. Tuliongea hivyo mimi na baba mkwe wangu mpaka siku zake zilipokwisha, na desturi hatukuivunja.

Mwanangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayekaa juu ya tandiko hasikii linavyobana chini. Utaambiwa mara nyingi kwamba utazoea. Mengine kweli utayazoea, kama shingo ya ng'ombe. Mengine yatakuozesha huku ngozi inaonekana nzima, na hayo usiyangoje yaote sugu. Upime mgongo kwanza ndipo uchague tandiko, na kizuri kisichorekebishika usikipende kuliko kibaya kinachokubali kufunguliwa skrubu. Ukiiona hatari ya mwenzako, sema. Ukimwogopa mkubwa, zungumza na farasi wake, mradi asikie.

Mungu akuvushe mito yako yote, mwanangu, na kila utakapofika ukingoni akuwekee mtu wa kupitisha kiganja chini ya tandiko lako kabla hujaingia majini.