Umeme Upo, Maharagwe Hayapikwi

Mwaka jana nilipita nyumba kwa nyumba Kaloleni, hapa Voi, nikijaza fomu za mradi wa kusaidia familia zisizo na nishati ya kutosha. Kwa mwalimu mmoja mstaafu niliona mita na balbu, nikaandika kwamba hana shida. Kisha nikaona pembeni gunia la maharagwe ya shambani kwake, yameanza kubunguliwa.

“Mbona huyapiki, mwalimu?”

“Yanamaliza makaa, mwanangu. Siku hizi nala mkate na maji.”

Niliona haya, nikafuta jibu langu. Jina lake liliingia kwenye orodha, na baada ya miezi miwili akapata jiko linalotumia makaa kidogo. Nyumba zilizofuata nilianza kwa kuuliza walipika nini jana.