Fundi turubai wa Lusahunga na mtungi ambao hajachoka kuutazama

Saa moja kasoro asubuhi, Xavery Kwizera amepiga magoti juu ya lori la saruji kwenye maegesho ya Lusahunga, wilayani Biharamulo. Mkononi ana shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi wa nailoni alioupaka nta ya mshumaa. Turubai limechanika urefu wa mkono mzima. Chini, dereva ameshika kikombe cha chai na anaangalia saa.

"Fundi, zimebaki beti ngapi?"

"Mbili na kiitikio," anajibu Xavery bila kuinua kichwa, kisha anaendelea kuimba kwa sauti ya chini.

Dereva hashangai. Wanaopita njia hii ya kwenda mpaka wa Rusumo mara kwa mara wanajua kwamba fundi huyu hapimi kazi yake kwa dakika. Kiraka kidogo ni ubeti mmoja. Mpasuko wa ubavuni ni beti nne. Turubai lililokwaruzwa na tawi mpaka likafunguka katikati linakula wimbo mzima, kiitikio mara tatu.

Nyimbo zote hizo zinatoka katika igizo moja liitwalo "Mtungi wa Posa". Xavery, mwenye umri wa miaka 52, ameliona likichezwa na vikundi vitatu katika wilaya za Ngara na Biharamulo, na kesho, Jumamosi, analiona kwa mara ya nne. Mtu mwingine angesema igizo ni lile lile tu. Usimwambie hivyo akiwa ameshika shazia.

Igizo lenyewe lilitungwa na katekista mmoja wa Ngara, marehemu Leonidas, kwenye daftari la shule. Familia mbili zimegombana miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kijana wa upande huu anampenda Deodata, binti wa upande ule. Baba wa kijana anajikaza, anakwenda kuposa, na anatengewa mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, wenye mirija miwili.

Hapo ndipo kila kitu kinasimama. Kwa desturi, mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni ajue kwamba kinywaji hakina sumu wala mwenyeji hana kinyongo. Baba wa Deodata anakaa mbele ya mtungi na haonji. Binti yake anamwimbia wimbo mrefu akimbembeleza, dakika kumi na mbili, mzee akiutazama tu ule mrija.

"Akionja, ugomvi umekwisha. Asipoonja, mgeni anaondoka na hakuna harusi," anaeleza Xavery akikata uzi kwa meno. "Igizo zima liko kwenye mdomo wa yule mzee. Hayo mengine ni mapambo."

Mara ya kwanza alikuwa na miaka tisa. Ilikuwa mwaka 1983, uwanja wa kanisa kule Ngara, na baba yake alimbeba mabegani ili aone. Wachezaji walikuwa wanakwaya, na mtungi ulikuwa na rubisi ya kweli.

"Waliinywa kweli," anasema, na kicheko kinamzidi nguvu. "Ilipofika harusi, baba wa kijana hakutaka kuachana na mtungi. Kwaya ikarudia wimbo wa mwisho mara mbili wakimsubiri asimame. Mimi nikadhani ndivyo igizo lilivyoandikwa."

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1998, huko huko Ngara. Paroko aliyejifunza kutokana na makosa aliagiza mtungi ujazwe maji. Baba wa kijana alichezwa na kijana mmoja aliyekulia mjini, ambaye alifika mbele ya mtungi, akainama, na kuvuta mrija kabla ya mwenye nyumba.

Mzee mmoja katika watazamaji alisimama na fimbo yake na kusema igizo haliendelei. Akaulizwa kwa nini. Akasema hawezi kukaa mahali ambapo mgeni ananywa kabla ya mwenyeji, liwe igizo au lisiwe igizo. Padri alijaribu kumtuliza, ikashindikana. Tukio likarudiwa tangu mwanzo.

"Watu walipiga makofi kuliko walivyopiga kwenye harusi," anasema Xavery. "Siku hiyo ndiyo nilijua igizo hili si mchezo."

Deodata wa mwaka huo alikuwa msichana anayeitwa Kalista. Xavery anapenda kusema kwamba alikwenda kuangalia igizo akarudi na mke.

"Hakurudi na mke, alirudi na malaria," anamkatiza Kalista mwenyewe, anayeuza chai na chapati hatua chache kutoka kwenye maegesho. "Mke alimpata mwaka uliofuata, baada ya kuja kwetu mara tatu. Na baba yangu alimkalisha mbele ya mtungi karibu robo saa bila kuonja. Huyu bwana alikuwa anatetemeka."

"Nilikuwa nahesabu beti," anajitetea mumewe.

Mara ya tatu, mwaka 2011, walicheza wanafunzi wa sekondari moja wilayani Biharamulo, na hapa uso wa Xavery unakunjamana. Kulikuwa na kinanda. Mtungi uligeuka ndoo ya plastiki ya bluu. Wimbo wa Deodata ulikatwa ukabaki dakika moja na nusu.

"Ndoo," anasema. "Lakini ukinibana nikuambie ukweli, baba wa Deodata wa mwaka ule ndiye bora kuliko wote. Kijana wa miaka kumi na saba, anakaa mbele ya ndoo kama mtu aliyedhulumiwa shamba kweli. Angepewa mtungi na muda, yule angeliza watu."

Hivyo ndivyo anavyozungumza. Sauti bora anampa mkewe, ingawa anasema hapendelei. Kwaya bora ni ya 1983. Mavazi bora ni ya wanafunzi. Kazi ya turubai humwingizia kati ya shilingi elfu kumi na tano na elfu ishirini na tano kwa siku nzuri, na imesomesha watoto watatu, lakini mwulize kuhusu viraka, atakujibu kwa mtungi.

Sasa kuna igizo la nne, na kwa wiki tatu zilizopita limemnyima raha.

Kikundi cha vijana wa Lusahunga kinaongozwa na Anneth, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 29. Wamepanga kucheza mara tatu: kesho hapa Lusahunga, Jumamosi ijayo Runazi, halafu Nyantakara. Katika mazoezi, Mwalimu Anneth aliona kwamba kila likifika tukio la kuonja, vijana wake walitoa simu mfukoni. Akaamua kulikata.

Xavery alikwenda kumwona shuleni, siku ya kazi, akiwa na shazia mfukoni.

"Aliniambia, 'Shikamoo Baba Ishimwe, najua umekuja kunigombeza,'" anasimulia. Ishimwe ni binti yake wa kwanza. "Nikamwambia marahaba, sikugombezi, ila ukilitoa hilo umebaki na harusi tu. Harusi tunaziona kila wiki."

Mwalimu Anneth hakumficha. "Nilimwambia siku hizi hakuna anayejali nani ameonja kwanza," anakumbuka. "Watu wanakunywa soda, kila mtu na chupa yake. Desturi ambayo hakuna anayeijua, utaichezaje dakika kumi na mbili?"

Walibishana mpaka kengele ikalia. Mwisho walifikia mapatano ambayo yangeweza kufikiwa na watu wawili hawa tu. Lusahunga tukio litachezwa, lakini baba wa kijana atavuta mrija kwanza, kwa makusudi, kama lile kosa la mwaka 1998. Mtazamaji yeyote akipinga, tukio linabaki zima. Wasipopinga, Runazi na Nyantakara hawataliona.

Sharti lilikuwa moja. Xavery mwenyewe asifungue mdomo.

"Asisimame, asikohoe, asimkonyeze mtu," anasema Mwalimu Anneth. "Namjua."

Xavery alikubali, na ili asionekane mtu wa kinyongo akajitolea kuwashonea paa la jukwaa, maana ni msimu wa mvua. Alikusanya vipande vya maturubai yaliyoachwa na malori, kijani, bluu na rangi ya mchanga, akaviunga kwa jioni tatu. Anasema paa hilo lote ni wimbo wa Deodata, mara kumi na moja.

Jumamosi, saa tisa alasiri, uwanja umejaa. Wamo wakulima waliotoka vijijini na mahindi ya kuuza wakaamua kubaki, wamo madereva, wamo wanawake wa kwaya waliovaa sare. Xavery amekaa safu ya tatu. Kalista amekaa ubavuni kwake, na amemshika mkono.

"Si mapenzi," ananong'ona Kalista kwa mwandishi wa makala haya. "Namzuia."

Sehemu ya kwanza inakwenda vizuri. Xavery anatikisa kichwa kuunga mkono sauti, anakunja uso kidogo kwenye ngoma. Kisha unaletwa mtungi, wa udongo, umejaa juisi ya ndizi. Anashusha pumzi kwa kuuona tu.

Baba wa kijana anachezwa na Danstan, dereva wa bodaboda anayejulikana na kila mtu hapa. Anaingia, anasalimu, anakaa. Mwenye nyumba anautazama mtungi bila kugusa mrija. Danstan anainama, anaushika mrija wake, na anavuta.

Hakuna kinachotokea.

Danstan anavuta tena. Mtoto mmoja analia nyuma. Vijana wawili wanaangalia simu. Deodata, ambaye anajua mapatano, anaanza wimbo wake polepole:

"Onja baba, onja kwanza,
mgeni amekaa chini,
mpaka ni mawe tu, baba,
mtu ni mtu nyumbani."

Ubeti wa kwanza unakwisha. Xavery amefumba macho. Midomo yake inakwenda lakini haitoi sauti, na mkono wa Kalista umebana wake mpaka vidole vimebadilika rangi. Unaanza ubeti wa pili. Nyuma ya pazia, Mwalimu Anneth amejikunyata akichungulia, na ukimtazama vizuri, naye haonekani kama mtu anayetaka kushinda.

Katikati ya ubeti wa pili, bibi mmoja upande wa kushoto anajiinua kwenye benchi. Anaitwa Scholastika, ana miaka sabini na kitu, ametoka Nyantakara kumwona mjukuu wake anayepiga ngoma.

"Wewe kijana," anasema. "Toa mdomo hapo. Mwenye nyumba hajaonja."

Danstan alikuwa ameambiwa avute mrija. Hakuwa ameambiwa afanye nini akisemeshwa na bibi. Anauachia mrija, anasimama, na igizo linamtoka kichwani.

"Shikamoo bibi. Nisamehe."

"Marahaba. Rudi mlangoni uingie upya, kama mtu aliyelelewa."

"Kweli hajaonja," anasema mwanamke mwingine nyuma yake. "Tulikuwa tunaona tu, tukadhani labda kwao ni hivyo." Dereva mmoja wa lori anaunga mkono. Kisha sauti zinatoka kila upande, na wale vijana wawili wameshusha simu na wanauliza jirani zao kumetokea nini, nao wanaelezwa.

Danstan anatoka nje ya mlango wa maturubai. Anabisha hodi. Anakaribishwa, anakaa, na safari hii ameweka mikono yote miwili kwenye magoti kama mwanafunzi.

Deodata anaanza wimbo upya. Dakika kumi na mbili zote. Mvua nyepesi inaanza kupiga kwenye viraka vya Xavery na hakuna anayeondoka. Mwenye nyumba anapoinama mwishowe na kuugusa mrija kwa midomo, uwanja mzima unatoa pumzi kwa pamoja, na bibi Scholastika anasema, "Haya, sasa," kisha anakaa.

Xavery analia waziwazi. Hajifuti.

"Nilikuwa naogopa nimebaki peke yangu," anasema baadaye, wakati vijana wanashusha paa lake. "Miaka yote hii naimba juu ya malori, nikawa najiuliza kama naimba kitu ambacho kimekufa. Yule bibi simjui. Hanijui. Ameona kosa, amesimama."

Mwalimu Anneth anakuja kumpa mkono. "Tukio linabaki, Baba Ishimwe," anasema. "Tena na lile kosa linabaki. Danstan atakosea Runazi, atakosea Nyantakara."

"Nitakosea mimi tu kila siku?" anauliza Danstan.

"Wewe ndiye unayekosea vizuri."

Mwandishi anamuuliza Xavery swali ambalo wengi wameshamuuliza: katika maigizo yote manne, lipi ni bora? Wakati wote amekuwa akijibu ni la 1983. Safari hii anakuna ndevu na kuanza kukunja turubai, pembe kwa pembe.

Ana mpango. Ameshakubaliana na Mwalimu Anneth kwamba, Mungu akipenda, mwakani wataomba kulicheza Ngara, kwenye uwanja ule ule alikobebwa mabegani na baba yake, na yeye atatafuta lori la kuwapeleka, maana madereva anawajua. Lakini kwanza kuna Runazi, Jumamosi ijayo, na huko anataka kufika mapema achague pa kukaa.

"Safu ya mbele kabisa," anasema. "Lakini nitageuza kiti. Miaka arobaini na zaidi natazama jukwaa, nalijua. Runazi nataka kuwatazama watu, nimwone atakayesimama."

"Watamwona kichaa," anasema Kalista akimkabidhi kamba ya kufungia turubai.

Halafu anaongeza kwamba mumewe atahitaji kugeuza viti viwili, maana naye anakwenda.