Mkono Chini ya Mashua

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kamina, si binamu wa jirani yangu. Na ninyi mnaosema wafu hutembea usiku tu, mnajidanganya. Huyu wangu alikuja mchana, jua likiwa utosini, wenzangu wamekwenda kula.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Mimi nilikuwa mpaka rangi kwenye karakana ya treni. Nilipaka mabehewa, milango, mabango, hata majeneza. Lakini mashua? Kamina haina mto wa kubeba mashua. Ile ililetwa kwa treni kutoka Bukama, imelazwa kifudifudi juu ya behewa la wazi, kwa sababu kwetu ndiko kulikokuwa na paa, vifaa na watu wa kuitengeneza. Ilikuwa ya zahanati moja ya kandokando ya mto Lualaba, na haikuwa ya mbao. Ilikuwa ya fibre, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi mpaka zikawa ngumu. Tumboni ilikuwa na ufa mrefu, na juu ya ufa kulikuwa na rangi nyekundu ya zamani, ile rangi kali wanayopaka chini ili majani ya maji yasishike.

Kiraka cha fibre hakishiki juu ya rangi. Lazima uikwangue yote mpaka uione ngozi nyeupe ya mashua, na hiyo ngozi usiichubue. Moto huwezi kutumia, fibre itavimba. Unalowesha maji, unakwangua kwa bamba la chuma, unasugua kwa msasa, unalowesha tena. Ukiona uvivu wa kuchota maji, vumbi jekundu linapaa na unapiga chafya nyekundu mpaka kesho yake. Wiki ile mke wangu alisema nikalale na mbuzi.

Haraka yangu ilikuwa ya nini? Ya mama yangu mzazi. Alikuwa amekwenda Mulongo kumzika dada yake, vita ikafunga njia nyuma yake. Mashua ikipona ingerudi Bukama kwa treni ya Jumamosi, ishushwe mtoni, iende Mulongo kuchukua watu kumi na wawili. Haibebi zaidi. Jina la mama lilikuwa la mwisho kwenye orodha, na nililiomba mwenyewe kwa Ilunga, dereva wa mashua, nikipiga magoti mbele ya watu bila kuona haya. Tangu hapo sikulala vizuri. Nilikuwa naamka, nakwenda mlangoni, narudi kitandani, naamka tena. Kila nikisikia habari za risasi kwenye redio ya jirani nilidhani ni Mulongo.

Sasa siku ya Alhamisi wenzangu wakaenda kula bukari, ugali wetu, mimi nikabaki. Na kwa haraka nikaacha kulowesha. Vumbi likatanda sakafuni pote, jekundu, laini, kiasi kwamba hata kuku aliyepita aliacha alama za vidole. Likumbukeni hilo vumbi.

Nilikuwa nimefika karibu na ufa. Nikatoa tabaka la juu la rangi, na chini yake nikaona mkono. Alama ya mkono, nasema, kiganja na vidole, imezama kwenye rangi ya chini. Mtu alikuwa ameishika mashua kabla rangi haijakauka. Kidole cha mwisho kilikuwa kifupi, kama kilikatwa katikati. Nikacheka peke yangu, nikamtukana mpaka rangi aliyenitangulia kwa uzembe wake. Ule mkono ulikuwa juu ya ufa kabisa, kwa hiyo ilibidi utoke.

Nikainua bamba. Nyuma yangu mtu akasema, ‘Weye njo unatosha rangi?’ Yaani, mimi ndiye ninayeitoa rangi?

Nikageuka. Mama mmoja amesimama, wa umri wa dada yangu mkubwa, kitenge chake kimemganda miguuni kwa maji. Mwezi wa saba! Mvua ya mwisho tulikuwa tumeshaisahau. Lakini nilifikiri nini? Nilifikiri ametoka kisimani. Nikamjibu kwa adabu, ‘Njo minyi, mama. Karibu, uikale.’ Akaketi juu ya boriti. Nikampa maji kwenye kikombe changu, akakipokea kwa mikono miwili kama desturi. Hapo ndipo nilipokiona kidole chake cha mwisho, kifupi, kimekatika katikati.

Niaminini, nilitaka kukimbia.

Yeye wala hakunitisha. Aliongea polepole, akiutazama ule mkono. ‘Ile siku ya vita ya kwanza, rangi ilikuwa mubichi. Bantu banakimbia, banasema tusukume bwato mu mayi. Minyi nilisukuma. Benye kupanda bakasema, mama, ungojee, tutarudia kukukamata. Habakurudia.’ Yaani waliopanda mashua walimwahidi kurudi kumchukua, wasirudi.

‘Ulingojea wapi, mama?’

‘Mu mayi,’ akasema.

Ndani ya maji, jamani. Nyinyi mngeuliza zaidi? Akanyoosha kidole kile kifupi kuelekea tumbo la mashua. ‘Ukitosha mukono yangu, minyi nitabakia wapi? Njo pale tu ninashika. Bwato inaenda kukamata bantu. Nafasi yangu iko?’

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nalisema bila kujitetea. Kwetu mgeni haambiwi hapana usoni. Mtu akija kuomba chumvi na huna, unamwambia apite jioni. Akiomba kazi, unamwambia tutaona. Ni heshima, na sote tunaijua, mwombaji na mwombwa. Mimi nililelewa hivyo na mama yangu huyo huyo, mjane wa mwalimu, mama wa kanisa la Wamethodiste aliyenichapa nikimjibu mgeni vibaya. Tena nisiwe mwongo: haikuwa heshima tu. Nilikuwa nataka aondoke. Nilikuwa nataka ule ufa, kwa sababu kesho yake ingekuwa Ijumaa.

Nikasema, ‘Usiogope, mama. Nafasi iko. Utapanda.’

‘Kweli?’

‘Kweli, mama.’

Akashukuru. Akashukuru kwa Kiluba, akipiga makofi taratibu na magoti yamekunjwa, jinsi wanavyoshukuru watu wa kule mtoni, mpaka nikaona aibu. Kisha akatoka. Nilipotazama sakafu, vumbi lilikuwa vilevile. Palikuwa na nyayo zangu na vidole vya kuku, basi. Juu ya boriti vumbi halikuguswa. Kikombe kilikuwa mahali alipokiweka, kimejaa maji mpaka juu.

Mngefanya nini? Mimi nilikwangua. Nilishika bamba nikautoa ule mkono wote, na ukatoka kirahisi, nusu dakika, wakati rangi ya pembeni yake ilikuwa imenitoa jasho tangu asubuhi. Ijumaa tukaweka kiraka. Jumamosi mashua ikapanda treni. Nilimsindikiza Ilunga mpaka kituoni, na mara tatu nilifungua kinywa nimwambie. Nikakifunga. Ningemwambia nini, kwamba nimegawa nafasi kwa mtu asiyeacha nyayo?

Siku kumi na moja nilikaa kituoni zaidi kuliko nyumbani. Kisha treni ikaingia na Ilunga akashuka, na watu nyuma yake. Nikawahesabu wakishuka. Walikuwa kumi na mmoja, na mama yangu hakuwamo.

Nikamkamata Ilunga kwenye kola. Nilimtukana, naungama. Yeye akaanza kulia, mwanaume mzima. ‘Bunduki zilikuwa zinalia,’ akasema. ‘Nilihesabu bantu mara mbili. Kumi na mbili, bwato imejaa. Mama yako akafika nyuma. Nikamuambia, mama, ungojee, tutarudia. Kufika Bukama, ninahesabu tena, kumi na moja! Pale mbele, nafasi moja iko wazi, ubao imelowa.’

Mama, ungojee, tutarudia. Maneno yale yale. Nikamwachia kola.

Mashua haikurudi Mulongo. Wanajeshi waliichukua Bukama siku ileile, na sijui iliishia wapi. Mama alitembea. Alipita vichakani, akafika Kabondo-Dianda mvua zimeanza, akalala huko mgonjwa, akatembea tena. Alifika kwangu karibu na Noeli, miguu imevimba na kuoza vidole, na hospitali ilimkata vitatu. Lakini siku aliyofika, kabla ya kuketi, kabla hata ya kuomba maji, aliniuliza, ‘Nani ule mwanamuke ulipatia nafasi yangu?’

Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote. Wala mke wangu.

‘Aliniita kutoka mu bwato,’ mama akasema. ‘Aliniambia, mama, usikasirike, mutoto yako njo alinipa.’

Nikamweleza yote, nikiwa nimepiga magoti kwenye udongo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nilifanya vizuri kumpa mgeni maji. Kuhusu nafasi hakunilaumu, siku ile wala siku nyingine.

Kwa hiyo ninyi mnaonisikiliza, mtu akikuomba kitu ambacho si chako kutoa, mwambie hapana. Mwambie usoni, hata akiwa mgeni, hata akiwa amelowa. Nafasi unayoitoa kwa mdomo tu kuna mtu amekwisha kuandikiwa, naye atakuja kuikuta imekaliwa.

Mama aliishi kwangu miaka tisa baada ya hapo. Hakuninyima baraka wala chakula. Ila kila jioni alipoingia kula, katika nyumba ya mwanawe mwenyewe, alisimama mlangoni na fimbo yake, akatazama viti vyote, na kabla ya kuketi akaniuliza, ‘Nafasi yangu iko?’