Mtunzi na Mama Mkwe

Mume wangu hutunga nyimbo. Ukipita Kapsoit siku ya soko utazisikia kwa kinyozi na kwa muuza simu, zimeimbwa na vijana wenye sauti nzuri kuliko yake, na hakuna anayejua kwamba zilizaliwa katika shamba letu la chai. Huzitunga akichuma majani, mikono ikienda mbio huku akivuma chini kwa chini, na ole wako umwulize swali kabla ubeti haujakaa sawa. Nimeunguza ugali mara nyingi nikimsikiliza, ingawa mwenyewe simwambii.

Shabiki wake mkubwa alikuwa mama yangu. Lakini sisi tuliohamia huku kutoka Kisii, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawaketi pamoja, na maneno yao nilibeba mimi. Mume wangu alizidisha. Kwenye harusi moja Silibwet, alikokuwa akiimba, alimwona mama akiingia hemani, akaacha wimbo katikati ya ubeti, akaenda kujificha nyuma ya tangi la maji. Bibi harusi alibaki na mguu juu. Nilicheka mpaka machozi, lakini mama hakucheka. Alitaka kusikia mwisho.

Mwaka jana mama aliugua. Daktari alituambia tumrudishe nyumbani kwake Sigowet, tumtunze tu. Nikamwekea redio kando ya kitanda, wimbo wa mume wangu ukipigwa. Akaizima.

"Hiyo nimesikia. Mwambie akuje mwenyewe, hata asimame nje. Nikienda bila kumsikia nitakasirika hata huko."

Nikampelekea mume wangu maneno hayo.

"Mama ni mgonjwa, halafu mimi niende kumwimbia? Watu watasema aje?"

"Watu si wagonjwa," nikamjibu. "Na hiyo heshima yako sasa imekuwa uchoyo."

Nilikuwa mkali, na sijutii.

Alikuja na mvua ya alasiri, gitaa ndani ya koti. Alisimama nje ya dirisha la mama, ametupa mgongo, akaanza ule wimbo wa Silibwet. Alipofika pale alipouachia siku ile, akanyamaza. Niliona mabega yakipanda na kushuka, nikajua analia. Nilimpenda wakati huo kuliko siku aliyonioa.

Mama ndiye aliyeshika kiitikio, kwa sauti nyembamba, akikosea maneno. Mume wangu akampokea, wakaenda naye polepole mpaka mwisho.

Kisha mama akageuza uso dirishani, akamwambia yeye, si mimi:

"Mwanangu, ingia ndani. Unanyeshewa."

Alisimama mlangoni akipangusa viatu kwa muda mrefu sana. Halafu akaingia.