Bahasha Zenye Jina la Mugisho

Siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, ni ile niliyokata soli ya kandambili kuukuu ya baba yangu bila kumwomba ruhusa. Usicheke. Nilikuwa msichana mzima, mwenye akili zake.

Tulikuwa tunakaa Nguba, mtaa wa Bukavu, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu, baba na mimi tu. Mama alikuwa ameshafariki. Mdogo wangu Mugisho alikuwa amekwenda Shabunda, kule msituni, kuchimba dhahabu, akaahidi kurudi kabla ya mvua. Mvua ikanyesha, ikakatika, ikanyesha tena, na hatukupata hata salamu ya mdomo. Baba alikuwa na haja moja tu iliyobaki duniani, kusikia neno kutoka kwa mwanawe kabla hajafa. Mimi nilikuwa mpweke, nakuambia wazi. Jioni nilisikia watu wa nyumba ya mbele wakicheka mezani, nami naosha sahani mbili.

Nikajiambia, Mugisho atasema hana bahasha. Basi nikaamua kumwondolea kisingizio. Nilikunja bahasha kwa karatasi za kalenda za zamani, upande mweupe ukatazama nje. Gundi yangu ilikuwa uji mzito wa muhogo, na ilibidi nizitundike juu kwenye kamba, maana mende wa kwetu waliupenda uji ule kuliko sisi. Kwenye ile soli nikachonga anwani yangu kwa wembe, iwe muhuri, herufi zikiwa kinyumenyume ili zitoke sawa kwenye karatasi: jina langu, sanduku la posta la parokia, Bukavu, Zaïre. Kipande kingine nikakichonga majani ya maharagwe, nikayapanga pembeni kama pindo la kikwembe cha kujifunga. Wino ulikuwa masizi ya taa. Zilipendeza, sitajifanya mnyenyekevu.

Papa Bisimwa, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka chumvi na sabuni machimboni, alizichukua kwenye mzigo wake. Mugisho alichotakiwa kufanya ni kutia barua ndani na kumrudishia yeye. Hakuna hata moja iliyorudi. Nikachapa nyingine, nikatuma. Nikachapa tena.

Ndipo siku moja baba akanikuta nimezitandaza kwenye mkeka zikauke. Macho yake yalikuwa yamefifia, akainama akagusa moja.

“Nsimire, unisomee ile umeandika.”

Nikasoma.

“Na ile ingine?”

“Ni ile ile, papa.”

“Na ya kule?”

“Zote ni sawasawa, papa.”

Alitafuta kiti kwa mkono, akaketi. “Mu nyumba yote iko jina yako tu,” akasema. “Mugisho njo mwenye kupotea, lakini jina yake haiko hata fasi moja. Uko namutumia kazi ya kukuandikia, mama. Umutumie habari.”

Maneno yale yaliniuma sana. Si mimi niliyebaki na sufuria na mzee na kuta?

“Na miye, nani ananiandikia?”

“Sijui. Lakini naye iko peke yake, na kule hana hata muzee wa kumugombeza.”

Nilinuna hadi Jumapili. Baada ya misa nikachukua soli ya mguu wa pili, nikachonga jina la Mugisho, kwa mkono wa Papa Bisimwa, Shabunda. Kila mara yule mfanyabiashara alipofunga mzigo wake, alikuta bahasha yenye majani ikimngoja. Ndani nilimwandikia Mugisho mambo madogo: paa linavuja upande wa kitanda chako, padri amebadilisha saa ya misa, baba ameota anakunyoa nywele. Sikumwuliza atarudi lini. Hakujibu. Nami upweke haukuniishia, ila nilipoona jambo njiani nilikuwa na mtu wa kumwambia.

Baba alifariki hajasikia neno lolote. Bahasha ya kupeleka habari hiyo niliichapa jina tupu. Sikuwa na moyo wa kuweka majani.

Mugisho alifika matanga yakiwa yamekwisha, tumesharudisha viti vya majirani. Alikuwa amekonda, na begi lake halikuwa na kitu. Sikumpa hata maji, nilianza kumfokea. Kwa nini hukuandika? Mzee alikungoja.

“Dhahabu sikupata, yaya,” akasema, akiniita dada mkubwa kama zamani. “Ningeandika nini?” Alikaa mlangoni, akawa anabandua udongo kwenye viatu. “Kule baliniita Petit tu, ni kusema Mudogo, hakuna mutu alijua jina yangu. Lakini Papa Bisimwa akifika, alikuwa anasimama katikati ya batu, anaita: Mugisho. Batu bote banageuka. Pale njo nilikuwa nakumbuka kwamba niko mutoto ya mutu. Na ile ya mwisho, niliona haina majani. Nililia mbele nifungue, kabla nisome.”

Nilikwenda kumletea maji. Nilitamani baba angekuwapo kwenye kile kiti asikie, na natamani hivyo mpaka leo, maana Mugisho naye ameshatangulia na wa nyumba ile nimebaki mimi peke yangu.

Mwanangu, utakwenda mji wa watu na kuna jioni utaachwa peke yako. Usikae ukifikiria nani hajakuuliza hali. Chukua jina la mtu unayemkosa, uliandike vizuri kwa mkono wako, umpelekee jambo moja dogo la kweli la siku yako, na usimdai jibu. Huenda asijibu kabisa, na upweke wako utalala nao. Andika tena. Hujui yuko katika hali gani, wala nani aliye karibu naye.

Haya, nenda sasa, gari lisikuache. Mungu aliyemlinda Mugisho msituni akulinde na wewe, akupe afya na kazi, na popote utakapolala usikose mtu mmoja wa kukuita kwa jina lako.