Kwandong Zilizogoma Uani kwa Una

Hakuna mtu pale Bulyarra, kijimji cha bara huko Australia, aliyewahi kumwona Una Tarrant akipita karibu na kichaka asisimame. Hata siku ya kumzika mumewe, msafara mzima wa magari ulisimama vumbini kwa sababu mjane mwenyewe aligonga kioo akamwambia dereva, "Simama hapo. Kile kina mbegu." Akashuka na gauni lake jeusi, akakung'uta maganda makavu ndani ya mkoba, akarudi garini, akaendelea kulia pale alipoachia. Watu wa mtoni wakatazamana wakasema, mwacheni, ndivyo alivyo.

Alikuwa mpishi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mabanda ya kunyolea kondoo, akihama na kundi la wanyoaji kutoka shamba moja hadi jingine, kando ya mto Darling na mbali zaidi, kule ambako ardhi ni nyekundu na tambarare hadi macho yachoke. Asubuhi alikaanga nyama na kuoka mkate wa watu ishirini wenye hasira. Baada ya chakula cha mchana, wanaume wakirudi kuinamia kondoo, Una alichukua mfuko mtupu wa unga akaingia porini. Bibi yake, mzaa mama, ndiye aliyemfundisha majina. Bibi hakuwa na habari na maua. Alimkatia mtoto jani, akalivunja, akamwekea puani. "Ua linadanganya," alikuwa akisema. "Leo lipo, kesho halipo. Nusa jani. Haya, huyu nani?" Na Una akikosea anapigwa konzi ya mapenzi, wanaendelea mbele.

Magoti yalipoanza kugoma, Una aliacha sufuria za watu akatulia Bulyarra, kwenye nyumba ya mabati karibu na mto, yeye na dada yake mkubwa Noreen. Noreen hakupenda mimea. Alipenda redio, chai yenye sukari nyingi, na kuwasema watu. Lakini ua ulijaa hivyo hivyo. Mabafu ya zamani yaliyotobolewa, makopo ya maziwa ya unga, ndoo zisizo na mishikio, hata birika kubwa la wanyoaji, vyote vilikuwa na udongo na kitu kinachochipua. Mbegu za migunga aliziloweka kwenye maji yaliyochemka, akaziacha jikoni usiku kucha zikivimba, akazipanda zikatoka. Vichaka vya emu, vyenye jina la yule ndege mkubwa kama mbuni, alivikata matawi akavichomeka mchangani vikashika. Watu wa zahanati wakaja kuomba miche ya kivuli. Shule ikaja. Hata yule mwenye baa, ambaye kwake jani lilikuwa kitu cha kupamba glasi, alikuja akaondoka na mche kifuani kama amebeba mtoto.

Siku moja Noreen alikuwa ameshika kitu cha miiba kilichojisokota kama waya, anataka kukitupa.

"Kiache hicho!" Una akapiga kelele kutoka jikoni.

"Kimenichoma! Ni gugu."

"Ni mchungwa pori. Ukiwa mdogo ni miiba mitupu. Ukikua unakuwa mti wa maana, una kivuli, una matunda, miiba inaisha."

Noreen akanyonya kidole chake. "Sasa wewe una miaka sitini. Yako itaisha lini?"

Ndivyo walivyoishi, na wangeendelea hivyo kama Lester Quayle asingesimamisha pikapu yake mbele ya lango.

Lester alikuwa fundi wa pampu za upepo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye visima vya mashamba ya kondoo, anapanda minara, anafunga mapanga ya chuma yaliyolegea, anashuka, anaendesha tena nusu siku hadi kisima kingine. Alikuwa mtu wa mtoni kama wao, ila wa upande wa chini, mrefu, mkimya, mwenye kofia iliyoonja mafuta yote ya mashine. Mkewe alimwacha zamani akahamia pwani kwa sababu hakupenda vumbi. Siku hiyo alisimama langoni na kitawi mkononi.

"Dada Una, samahani kwa usumbufu. Hiki nimekikuta karibu na kisima kimoja huko kaskazini. Nimejiuliza ni kitu gani."

Una akakipokea, akavunja jani, akanusa. "Kumbe una macho! Hiki si cha kila mahali. Kichaka cha emu hiki, cha aina ya majani membamba. Ukichemsha majani yake unaoshea vidonda. Kilikuwa mchangani au kwenye mawe?"

"Kwenye mawe."

"Nilijua. Ingia, ingia unywe chai, nikuonyeshe ndugu zake."

Aliingia. Alionyeshwa ndugu zake, na binamu zake, na mashemeji. Alisikiliza kwa makini, kofia magotini, akiuliza swali moja moja. Una hakuwa amepata msikilizaji wa namna hiyo tangu bibi yake alipofariki. Jua liliposogea Lester akaaga. Wiki iliyofuata akarudi na kitawi kingine. Kisha kingine. Ikawa Ijumaa ikifika, Una anabadilisha blauzi na kujidai anafagia mbele ya nyumba.

"Shemeji anakuja leo," Noreen alisema huku akipunguza sauti ya redio.

"Shemeji nani? Mtu anajifunza mimea."

"Kha! Mtu amezaliwa mto huu huu, amekulia humu humu, leo ndiyo anajifunza mimea? Na wiki iliyopita kaleta nini? Kichaka cha chumvi! Una, kichaka cha chumvi kimejaa kila mahali, hata kondoo anakijua."

"Watu wengine maisha yao yote macho yako kwenye mashine. Usimcheke."

"Mimi simcheki yeye," alisema Noreen.

Kitu kimoja tu kilimtia Una uchungu wakati huo, nacho ni kwandong. Wakiwa watoto walikwenda kuzichuma kwenye tuta la mchanga nyuma ya mji, matunda mekundu ya mviringo, machachu, yenye kokwa iliyojaa vishimo. Mama yao alizipika na sukari, na nyumba nzima ikanukia. Sasa lile tuta lilikuwa karibu tupu. Mbuzi walioasi mashambani walikuwa wamekula miche yote kwa miaka, na miti mizee ilikuwa imeanguka mmoja mmoja. Una alitaka kuirudisha. Hakuona ugumu wowote, kwani ni mmea gani uliowahi kumshinda?

Ukamshinda. Kokwa alizibana kwa koleo la chuma akazipasua taratibu, mbegu zikaota vizuri, miche ikasimama kama kidole, kisha kama kiganja. Halafu ikaanza kugeuka njano na kufa. Akawapa mchanga zaidi, wakafa. Akapunguza maji, wakafa. Akawahamishia kivulini, akawarudisha juani, akawasemesha. Kila mche aliupa kopo lake peke yake, safi, na kila jani geni lililojitokeza kando yake alilinyofoa papo hapo. Wakafa wakiwa wasafi.

Lester alikuwa anaona yote hayo. Mara kadhaa Una alimkamata akitazama yale makopo, amefungua mdomo. Kisha anaufunga na kunywa chai ambayo bado ni moto, macho yanamtoka machozi. Una alidhani anamhurumia, akampenda zaidi kidogo kwa hilo.

Ijumaa moja Lester alipofika, hakukuwa na mtu wa kufagia mbele. Alimkuta Una uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amezungukwa na makopo ya miche mikavu. Mmoja tu ndio uliokuwa bado na rangi, na wenyewe umeinama.

"Basi," Una alisema bila kuinua kichwa. "Nimeacha. Makopo nampa Noreen apande pilipili."

"Mimi sitaki pilipili," Noreen alijibu kutoka dirishani.

Lester alikuwa na kitawi mkononi. Alikitazama, akamtazama Una, akakitia mfukoni. Akavua kofia, akachuchumaa mbele ya ule mche wa mwisho.

"Una," alisema. Kwa mara ya kwanza hakusema dada. "Hawa wanakufa njaa."

"Njaa? Nimewapa mbolea ya kila mnyama mwenye tumbo!"

"Hawawezi kuila. Kwandong hajui kujitafutia. Mizizi yake inatambaa mpaka ishike mizizi ya jirani, inanyonya humo. Ukimweka peke yake anamaliza chakula cha kwenye kokwa, basi. Na wewe kila jirani unamng'oa." Akasafisha koo. "Mama alikuwa anazika kokwa chini ya kichaka cha chumvi. Zilitoka zote."

Redio ilikuwa inaimba dirishani. Noreen akaizima.

"Mama yako," Una alisema polepole.

"Ndiyo."

"Alikufundisha kupanda kwandong."

"Ndiyo. Na mingine."

"Mingine ipi?"

Lester akaizungusha kofia mikononi. "Yote."

Una alisimama. Akatembea hadi kwenye bafu la kwanza, akachuma jani, akamwekea chini ya pua. "Haya, huyu nani?"

Lester akamtaja. Akamtaja kwa jina la mtaani, kisha kwa jina la zamani, lile la watu wa mto, ambalo Una hakuwa amelisikia mdomoni mwa mtu tangu utotoni. Una akachuma jingine. Akalitaja. Akachuma la tatu, la nne, akamzungusha ua mzima kama mwalimu mwenye kisirani, na yule bwana akajibu yote, sauti ikizidi kupungua, masikio yakizidi kuwa mekundu.

"Na kile kichaka cha chumvi ulichoniletea?"

"Wiki ile sikupata kitu kingine njiani."

Noreen aliachia kicheko kilichowarusha kasuku wote kwenye mti wa jirani. "Nilisema! Nilisema mimi! Hata kondoo!"

Una hakucheka. Aligeuka akaingia jikoni, akafunga mlango. Lester akabaki amesimama katikati ya makopo. "Nimeharibu," alimwambia Noreen.

"Ungenyamaza tu, shemeji. Ungekula chai za bure mpaka uzee."

"Ningewezaje? Walikuwa wanakufa."

Huko jikoni Una alikuwa ameegemea meza, aproni imebanwa mdomoni, mabega yanatikisika. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa akiona mbele yake miezi yote ile: mwanamume mzima anasimamisha gari porini, anatafuta kitawi cha kujifanya hakijui, anasikiliza habari alizozisikia kwa mama yake akiwa mtoto, tena anauliza na maswali. Alipoweza kupumua alinawa uso, akapanga sura, akatoka.

"Lester Quayle. Kuanzia leo, ukija hapa usiniletee tena kitawi."

Lester alivaa kofia yake. "Nimeelewa."

"Lete koleo la kuchimbia. Na vichaka vya chumvi, vidogo, vyenye mizizi mizima. Nataka vya kutosha kila kopo. Unasimama nini? Jua linazama."

Ule mche ulioinama waliuwekea jirani jioni ile ile. Ulisimama. Miche mipya waliipanda pamoja na vichaka vya chumvi katika kopo moja, na haikugeuka njano hata mmoja. Ilipofika baridi, Lester alizungushia waya kwenye kipande cha tuta la zamani ili mbuzi wasipite, na wao watatu wakaihamishia miche huko. Wawili walichimba. Wa tatu alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli akitoa amri.

"Hebu niambieni," Noreen aliuliza siku hiyo, akiwatazama wamepiga magoti kichwa kwa kichwa juu ya shimo moja, "kati yenu nyie wawili, nani kwandong na nani kichaka cha chumvi?"

"Chimba wewe," Una alisema.

Hawakufanya sherehe. Lester alileta kisanduku chake cha spana, halafu viatu, halafu godoro, na mwishowe watu wakaacha kuuliza. Waligombana sana, na kwa furaha. Watu wa upande wa chini wa mto wana majina yao na wa juu wana yao, na kila mmoja alishikilia la kwao. Kuna mti wenye gome la madoadoa kama chui ambao waliubishania njia nzima mpaka kisima cha mbali na kurudi.

Miaka michache ikapita, miti ikawapita kimo, na masika moja ikazaa. Matunda si mengi, lakini mekundu kweli kweli, yananing'inia kama taa. Una alitaka yaive vizuri. Alisubiri mpaka Jumapili, akabeba ndoo, wakapanda tuta wote watatu. Waliyemkuta ndani ya waya ni emu, dume kubwa, shingo ndefu, jicho la kahawia lisilo na haya. Alikuwa anachuma tunda kwenye tawi la chini kwa ustadi mkubwa. Akalirusha, akalimeza, wakaliona likishuka shingoni kama kokoto ndani ya soksi. Pale waya ulipokuwa umelala chini, manyoya yake mawili yalikuwa yanapepea.

"Toka! Toka hapo, mwizi!" Lester alipaza sauti akikimbia na kofia.

Emu alimtazama, akachuma tunda moja zaidi, kisha akaruka pale pale alipoingilia, akashuka tuta kwa mbio zake za kuyumba.

Lester alirudi akihema. Alimkuta Una amekaa mchangani, amekumbatia ndoo tupu, anacheka hadi machozi. "Umeona alivyochagua? Yale yaliyoiva tu! Anajua kazi huyo!"

Matawi ya juu emu hakuyafikia. Walichuma yaliyobaki, yakafunika kitako cha ndoo tu. Una akawasha moto pale pale, akatoa sufuria ndogo na sukari aliyokuja nayo, akayapika, na ule ukali mtamu ukapanda na moshi ukatanda tuta zima. Waliyala ya moto, na mkate, wamekaa kwenye mchanga mwekundu migongo imeelekea upepo.

"Sukari haitoshi," alisema Noreen, akakwangua sufuria mpaka ikalia.