Muuza Pete wa Ipogolo

Basi la Mbeya likisimama Ipogolo, muuza pete ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka, kanzu yake nyeupe kana kwamba vumbi linamwogopa. Akiingia hotelini kwangu husema, "Dada, nipe chai, nami nikupe habari." Habari zenyewe ni za kwao: safari hii kwao Kilwa, babu yake sharifu, safari ijayo kwao Unguja, baba yake nahodha. Pete zake za "dhahabu ya Makongolosi" alizisugua kwa kidole gumba huku akiongea. Tulijua ni uongo, tukacheka, tukanunua.

Siku moja bikizee mmoja wa milimani alileta kuku abadilishane na pete. Alipomnyooshea kuku huyo, muuza pete alichuchumaa, akapiga makofi mawili ya taratibu, akapokea kwa mikono miwili, macho chini. Pwani hawapokei hivyo. Hivyo hufundishwa watoto wa huku kwetu, na bibi zao, kwa kofi la kisogoni.

Bikizee akacheka. "Mjukuu wangu, nani alikulea?"

 Muuza pete akamrudishia kuku, akamvisha pete, akamnong'oneza, "Bibi, hiyo ni shaba."

Kisha akasimama, akakung'uta kanzu. "Haya jamani, dhahabu ya Makongolosi!"

Siku hiyo nilinunua mbili.